Mgeni Aliyeleta Moto: Mababu wa Kyela na Maziko Yao

Wazee wa Unyakyusa husimulia kwamba wenyeji wa bonde la Kyela walikula vyakula vibichi hadi walipoteremka watu kutoka Ukinga, kwenye milima ile ambayo ramani huiita Livingstone. Watu hao walikuja na moto. Walikuja pia na ng'ombe, chuma na mbegu, na wenyeji wakawapa umalafyale, yaani utawala. Masimulizi haya hayamkuzi mwanzilishi kwa vita alivyoshinda. Sifa yake ni kile alichokileta mkononi.

Anayetajwa zaidi ni Lwembe, aliyekwenda kukaa Lubaga, upande wa Rungwe. Nduguye Kyala anahusishwa na Palikyala, pango lililo kwenye miamba ya ufuko wa ziwa chini ya milima ya Ukinga. Wengine wa asili hiyohiyo walivuka mto Songwe, na Kyungu wao akawatawala Wangonde katika eneo la Karonga, Malawi ya leo. Kwa hiyo mpaka wa nchi mbili unakata katikati ya ukoo mmoja, na hadi sasa watu wa pande zote mbili huzikana.

Mwanzilishi hakubaki peke yake kwa muda mrefu. Kwa desturi ya ubusoka, vijana wa malafyale walipokomaa, nchi iligawanywa baina ya watoto wake wakuu. Mioto yote ya zamani ilizimwa, moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, na kila nyumba ikachukua kutoka huo. Katika kila kizazi, basi, tendo la babu wa kwanza lilirudiwa mbele ya macho ya watu. Miti ilipandwa siku hizo, na makaburi ya watawala nayo yakawa vichaka vya miti mikubwa, mahali pa kuombea mvua na afya ya nchi.

Jambo zito zaidi ni namna mtawala huyo wa asili ya ugenini alivyoondoka duniani. Monica Wilson, aliyeishi na mumewe Godfrey kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwamba Lwembe hakuachwa afe kifo cha kawaida. Alipougua sana, makuhani walimziba pumzi, na kabla hajakata roho walichukua nywele na kucha zake ili rutuba ya nchi isizikwe pamoja naye. Ukatili huo siutetei hata kidogo. Lakini tazama nani alikuwa na neno la mwisho. Mgeni alitawala, ila mwili wake haukuwa mali yake. Ustawi wa nchi ulikuja kwanza. Hata akiwa hai, malafyale aliogopa "pumzi ya watu", manung'uniko ya raia yaliyoaminika kumtia baridi na ugonjwa mtawala mbaya. Walioyasimamia hayo ni amafumu, wakuu wa vijiji waliotoka kwa raia wa kawaida. Kwangu mimi, hiyo ni katiba kamili isiyoandikwa.

Raia naye alizikwa kwa heshima yake. Godfrey Wilson alichapisha makala juu ya maziko ya Wanyakyusa mwaka 1939, na ndani yake unaona wanawake wakilia wamezunguka maiti, ng'ombe wakichinjwa, na wanaume wakicheza ngoma na mikuki mikononi, kwa hasira ya kufiwa kwanza, kisha polepole kwa uchangamfu wa walio hai. Baada ya hapo wafiwa walilala juu ya majani makavu ya migomba, wakatumia ikipiki, dawa ya ukoo, na mwishowe majani yale yakatupwa nje. Aliyeruka hatua hizi aliaminika kupata wazimu. Marehemu alitengwa na walio hai kwanza, ndipo akakaribishwa tena nyumbani kama mzimu mwema, aote moto jikoni pake. Moto tena!

Wamisionari wa Berlin na wa Moravian waliofika mwaka 1891 walibadili mengi. Jina la Kyala likawa jina la Mungu kanisani, na mikuki ikaondoka makaburini. Kaburi, hata hivyo, halikuhama nyumbani. Leo ukipita Ipinda au Matema utaona makaburi ya saruji, mengine yenye vigae, kati ya migomba na mikakao, hatua chache kutoka mlangoni. Wanawake hufika msibani na mchele kichwani, na maiti husafirishwa kutoka Dar es Salaam usiku kucha ili ikalale kwa baba zake. Wako wanaoona kuwa huo ni ufujaji wa fedha. Mimi sikubaliani nao: mahali ambapo mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika wakati wa masika, na Songwe huhamisha njia yake, kaburi la babu ndilo humweleza mtoto kwamba hapa ni kwao.

Ninachohofia ni vichaka. Mti wa kaburi la malafyale ukikatwa kwa mbao au kupisha shamba la kakao, hakuna cheti kitakachoonyesha nani alilala pale. Kila ukoo wenye jina linaloanza na Mwa- unabeba jina la babu ndani yake. Basi waulizeni wazee amezikwa wapi, aliingia nchini kwa njia ipi, na nani alimpokea. Yaandikeni majibu hayo mwaka huu, wazee wangali hai, na viongozi wa vijiji wazuie shoka lisiingie kwenye vichaka vilivyobaki.