Ubongo, Tahajia na Ugumu wa Kusoma

Katika mwaka wa 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alitangaza habari za mvulana wa miaka 14 mwenye akili timamu, asiye mzito katika hesabu, lakini asiyeweza kusoma ila maneno machache mafupi, ingawa alikuwa amefundishwa miaka mingi. Mwalimu wake alishuhudia kwamba kijana huyo angaliwashinda wenzake wote kama mafundisho yangalitolewa kwa mdomo tu. Morgan aliita hali hiyo upofu wa maneno wa kuzaliwa nao. Leo huitwa disleksia. Kisa hicho kilihusu msomaji wa Kiingereza, na kwa muda mrefu baadaye sehemu kubwa ya maarifa ya disleksia ilitoka katika lugha hiyohiyo. Ndipo likazuka swali: je, yaliyoonekana huko ni sifa ya ubongo wa binadamu, au ni sifa ya tahajia ya Kiingereza?

Kwa upande wa ubongo, uchunguzi ulianza na maiti. Mwaka 1968 Norman Geschwind na Walter Levitsky, wa Marekani, walipima bongo 100 na kuangalia uwanda mdogo uliofichika katika sehemu ya panjani, ambao wahusika na lugha. Katika bongo 65 uwanda wa kushoto ulikuwa mkubwa zaidi, katika 11 wa kulia, na katika 24 pande zote zilikuwa sawa. Mwaka 1985 Albert Galaburda na wenzake walichungua bongo nne za wanaume waliokuwa na disleksia: katika zote uwanda huo ulikuwa sawa kushoto na kulia, na vifundo vya seli za neva vilionekana mahali pasipostahili, dalili kwamba kasoro ilianza kabla ya kuzaliwa. Lakini bongo nne ni chache, na picha zilizopigwa baadaye kwa watu walio hai hazikuthibitisha usawa huo kila mara.

Mwanasaikolojia Uta Frith, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi yake London, alisisitiza kwamba ngazi tatu zisichanganywe: ubongo, akili na mwenendo. Kasoro ndogo ya ubongo huweza kudhoofisha uwezo wa akili wa kuchambua sauti za maneno. Udhaifu huo nao huonekana, au hujificha, katika mwenendo wa kusoma, kwa kadiri ya lugha inayosomwa.

Hoja hiyo ilijaribiwa katika utafiti ulioongozwa na Eraldo Paulesu, ambao Frith alishiriki, uliotangazwa mwaka 2001. Wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza walilinganishwa na wenzao wasio nayo. Waitalia walisoma kwa usahihi kuliko Wafaransa na Waingereza. Lakini katika majaribio ya kuchezea sauti za maneno wote walikuwa dhaifu sawasawa, na picha za ubongo zilionyesha upungufu wa kazi katika sehemu ileile ya panja la kushoto. Mwaka 2005 Giorgia Silani na wenzake walionyesha kwamba katika makundi hayo umbo la ubongo nalo lilitofautiana na la wasomaji wa kawaida, katika sehemu hiyo na katika nyuzi ziunganishazo maeneo ya lugha.

Sababu ya nafuu ya Waitalia si ngumu kufahamika. Tahajia yao hufuata sauti kwa karibu, hali herufi za Kiingereza "ough" hutamkwa kwa namna mbalimbali katika "though", "through" na "cough". Hata hivyo umoja huo wa ubongo una mipaka. Kwa watoto wa Beijing wenye disleksia, Wai Ting Siok na wenzake waliona tofauti kubwa mahali pengine, yaani sehemu ya mbele ya kushoto.

Kiswahili chafanana zaidi na Kiitalia. Vokali zake tano zina sauti thabiti, na ajuaye silabi zake aweza kutamka hata neno asilopata kuliona. Lakini wepesi huo usidhaniwe kuwa kinga: makala ya K. J. Alcock na D. Ngorosho ya mwaka 2003 yalionyesha kwamba hata katika Kiswahili kuandika kwa usahihi si kazi ndogo kwa mtoto. Neno kama "hatukuwaandikia" lina herufi 15 na mofimu saba. Msomaji dhaifu huweza kulitamka barabara, ila kwa kujikongoja mpaka maana ya sentensi imponyoke. Mwalimu ahesabuye makosa tu hataona tatizo, na huenda likadhihirika baadaye, mwanafunzi akutanapo na Kiingereza cha sekondari, akahesabiwa mvivu.

Kwa hiyo vipimo vya Kiswahili havitoshi kunakiliwa kutoka Kiingereza. Yapasa vipime mwendo wa kusoma pamoja na usahihi, na uwezo wa kuchezea sauti. Kwa hili lugha yenyewe ina chombo tayari: mchezo wa kinyume, ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa, "kalamu" ikawa "mukala". Kazi ya kuchagua maneno yafaayo, kwa urefu na kwa muundo wa silabi, ni ya wataalamu wa lugha kabla haijawa ya wapiga picha za ubongo.