Kipanya cha Kompyuta na Mkono wa Mtoto

Mwalimu anayefundisha kuandika hutazama kwanza jinsi mtoto anavyoshika kalamu. Anapofundisha matumizi ya kompyuta, aghalabu husahau kutazama jinsi mtoto huyo anavyoshika kipanya. Mwanafunzi akishindwa kuufikisha mshale kwenye alama aliyoonyeshwa, huhesabiwa kuwa mzito wa kuelewa. Hukumu hiyo yaweza kuwa ya haraka, kwani huenda kasoro imo katika chombo, wala si katika akili ya mtoto.

Kipanya cha kwanza kilibuniwa na Douglas Engelbart na kuundwa na mwenzake, Bill English, nchini Marekani mwaka 1964. Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Tangu hapo umbo lake limebadilika sana, lakini vipanya vingi bado hukadiriwa kwa kiganja cha mtu mzima.

Mtoto mdogo anayeshika kipanya kikubwa hulazimika kutanua vidole ili avifikie vitufe. Kwa kuwa kiganja hakitulii, hukibana chombo kwa nguvu. Misuli iliyokazwa muda mrefu huchoka, na mkono uliochoka hukosa shabaha. Aidha, kipanya kilichoinuka sana hukipinda kifundo cha mkono kuelekea nyuma. Ndani ya kifundo hicho mna njia nyembamba wanamopita kwa pamoja mshipa mmoja wa fahamu na kano tisa zinazokunja vidole. Kifundo kikipindwa, shinikizo ndani ya njia hiyo huongezeka, kikinyooka, hupungua.

Umbo la chombo si jambo pekee. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts wa Marekani alionyesha kwamba muda wa kuifikia shabaha hutegemea umbali wake na upana wake. Shabaha ndogo iliyo mbali huchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu alama ndogo humtaabisha anayeanza, na mshale uendao kasi mno humpita mahali alipokusudia kuusimamisha.

Kabla ya somo, mwalimu hana budi kuyaangalia mambo yafuatayo:

(a) Ukubwa. Kiganja kitulie juu ya kipanya, na vidole vifike kwenye vitufe bila kutanuliwa.

(b) Kiti na meza. Kiwiko kilingane na meza, kifundo kinyooke, na miguu ipate mahali pa kukanyaga.

(c) Kasi. Mshale upunguzwe mwendo katika mipangilio ya kompyuta, na alama za skrini zikuzwe.

(d) Mkono wa kushoto. Mtoto autumiaye asilazimishwe kutumia wa kulia. Apewe kipanya chenye umbo sawa pande zote, kiwekwe kushoto kwake, na kazi za vitufe zibadilishwe.

(e) Mapumziko. Mazoezi yawe mafupi, na baina yake watoto wanyooshe vidole.

Hatua hizi hazihitaji fedha nyingi. Zahitaji jicho la mwalimu. Endapo mwanafunzi ataendelea kukosea baada ya chombo kumfaa, hapo ndipo itakapobainika kwamba somo lenyewe halijaeleweka, nalo lifundishwe upya kwa njia nyingine.