MAELEZO KUHUSU VIPIMO VYA VITAMINI KWENYE VIDONGE NA MATONE

Wakazi wa Songea na watumishi wa umma mkoani Ruvuma wamezoea kununua vitamini katika maduka ya dawa muhimu, ambayo mwaka 2003 yalianzishwa katika mkoa huu kabla ya mikoa mingine nchini. Wengine hupokea chupa za vitamini kutoka kwa jamaa walio ng'ambo. Maelezo haya yanahusu namba zilizoandikwa kwenye chupa hizo.

Chupa mbili za vitamini A zinaweza kukaa pamoja katika rafu moja, ya kwanza ikiwa imeandikwa 10,000 IU na ya pili 3,000 mcg. Mnunuzi anayelinganisha namba peke yake atadhani kwamba ya kwanza ina nguvu zaidi ya mara tatu. La hasha, kiasi ni kile kile.

Herufi IU maana yake ni yuniti ya kimataifa. Mwaka 1931 wataalamu walikutana London chini ya Shirikisho la Mataifa na kukubaliana juu ya vipimo vya vitamini, wakati ambapo nyingi kati ya hizo zilikuwa bado hazijaweza kutengwa na kupimwa kwenye mizani. Nguvu ya vitamini ilipimwa kwa kuangalia athari yake kwa panya wa maabara. Kwa hiyo yuniti ni kipimo cha nguvu, wala si cha uzito, na kila vitamini ina hesabu yake. Yuniti 1 ya vitamini A ni mikrogramu 0.3 za retino. Yuniti 1 ya vitamini D ni mikrogramu 0.025, yaani yuniti 40 hufanya mikrogramu 1. Mtu aliyejifunza hesabu ya vitamini A asiitumie kwa vitamini D, maana atakosea mara kumi na mbili.

Marekani iliamua mwaka 2016 kwamba lebo za virutubisho ziache yuniti kwa vitamini A, D na E na kutumia uzito. Kwa sababu hiyo chupa zinazotoka huko husomeka tofauti na za zamani, na tofauti na za nchi ambazo bado hutumia yuniti.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wajawazito. Kikomo cha vitamini A ya retino kwa mtu mzima, mjamzito akiwemo, ni mikrogramu 3,000 kwa siku, sawa na yuniti 10,000. Ikizidi sana, hasa katika miezi ya mwanzo ya mimba, inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile. Sasa ichukuliwe ile kapsuli ya matone anayopewa mtoto kliniki. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa yuniti 100,000, kwa kawaida katika kapsuli ya bluu. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano hupewa yuniti 200,000, katika kapsuli nyekundu. Hiyo nyekundu ina mikrogramu 60,000, ambazo ni mara 20 ya kikomo cha siku cha mjamzito. Mtoto hupewa kwa usalama kwa kuwa ni dozi moja kila baada ya miezi sita, na ini huihifadhi na kuitoa kidogo kidogo. Mama mjamzito hapaswi kuimeza, hata kama imebaki.

Mchicha, majani ya maboga na viazi lishe havimo katika tahadhari hii. Vitamini yake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa retino kwa kadiri ya haja. Huhitajika mikrogramu 12 hivi za karotini ya chakula kupata 1 ya retino.

Ifahamike pia kwamba mg na mcg si kitu kimoja. Miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Alama µg, ikiandikwa kwa mkono wa haraka, husomeka kama mg. Ndiyo maana ni afadhali kuandika mcg. Mfano ulio karibu ni asidi ya foliki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate mikrogramu 400 kwa siku, yaani miligramu 0.4. Kidonge cha miligramu 5 ni zaidi ya mara 12 ya kiasi hicho, na hutolewa kwa wale ambao daktari ameona wanakihitaji.

Anayekwenda dukani kuuliza juu ya dozi ya mtoto aichukue chupa yenyewe pamoja na kadi ya kliniki, ambamo tarehe ya matone ya mwisho huandikwa. Muuzaji akitajiwa namba bila kipimo chake, hana njia ya kujua ni dozi gani inayozungumzwa.