Tetere Anayecheka: Jina la Senegal, Kwao Dodoma na Maskati

Mtu aliyekulia Dodoma au Nairobi akihamia Maskati hukuta mengi mageni, lakini juu ya ukuta wa nyumba atamwona ndege anayemfahamu. Ni tetere mdogo wa rangi ya hudhurungi na waridi, urefu wake kama sentimita 25, ambaye mlio wake wa chini unatetema kama mtu anayejizuia kucheka. Waingereza humwita njiwa anayecheka.

Kwa Kiswahili jina tetere tunawapa njiwa-mwitu wengi, hivyo ni rahisi kuwachanganya. Atakayemtambua atazame shingo. Tetere wa kawaida wa Afrika Mashariki ana ukosi mweusi nyuma ya shingo, na mwenzake wa mijini Oman anao pia. Huyu hana. Yeye ana madoadoa meusi kifuani, juu ya rangi ya kutu, na bawa lake lina ukingo wa kijivu cha buluu. Dume na jike wanafanana. Kinda hana madoa hayo bado, na hapo ndipo wengi hukosea.

Mswidi Carl Linnaeus alimwandikisha mwaka 1766 kwa jina Columba senegalensis, akitegemea maelezo ya ndege aliyetoka Senegal. Baadaye alihamishiwa kundi la Streptopelia, pamoja na tetere wenye ukosi. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba ndugu yake wa karibu ni njiwa wa madoa wa Asia. Leo orodha nyingi humwita Spilopelia, yaani njiwa mwenye madoa. Wale wa Oman hadi India, waliopauka kidogo, wana jina la ziada, cambayensis, kutokana na Khambhat, Gujarat.

Kundi limebadilishwa, lakini senegalensis limebaki, kwa sababu kanuni hulinda jina lililotangulia. Ukweli ni kwamba ndege huyu anataga Afrika Kusini, Kenya, Uarabuni na India. Jina linasema tu alikoandikwa mara ya kwanza, halisemi kwao ni wapi. Sisi tunaoishi ughaibuni, ambao kila dirisha la ofisi hutuuliza "hasa wewe ni wa wapi?", tunaijua vyema tofauti hiyo.