Mwezi wa Mpangaji wa Karatu

Mwalimu wa shule ya msingi Rhotia, wilayani Karatu, na mwenzake wa Kinondoni, Dar es Salaam, wakiwa daraja moja, wanapokea mshahara mmoja. Serikali inalipa kwa daraja, haiangalii mji. Kwa sisi tunaolinganisha miji, mwalimu huyo ni kipimo kizuri kuliko vingi: akihama, mapato yanabaki yale yale, na kinachobadilika mfukoni mwake ni gharama ya mahali. Akihamishwa kutoka Kinondoni kwenda Karatu akakuta kodi ya chumba iko chini, ameongezewa mshahara bila barua.

Majedwali yanayopanga miji mikubwa kwa idadi ya watu, kodi za nyumba na mapato yametengenezwa kwa ajili ya mtu kama huyu. Analipwa kila mwisho wa mwezi, kiasi chake kinajulikana, na anaishi ndani ya mpaka unaoeleweka. Ukiyaleta Karatu, kisha ukapanda nayo hadi Ngorongoro, yanaanza kukwama.

Tuanze na idadi ya watu, maana ndiyo inayoonekana rahisi. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha. Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, inayolizunguka jiji hilo, ilikuwa na watu 449,518. Anayelala Ngaramtoni na kufungua duka lake mjini kila asubuhi amehesabiwa upande wa pili wa mpaka, ingawa barabara, soko na daladala zake ni za jiji. Ukijumlisha halmashauri zote mbili unapata watu 1,067,149. Je, Arusha ni mji wa laki sita au wa milioni moja? Jibu linategemea mstari uliochorwa na utawala, na kila jedwali huchagua mstari wake bila kumwambia msomaji. Ndiyo sababu Kampala inaweza kuonekana ndogo mno mbele ya Nairobi: mpaka wake rasmi unazunguka eneo dogo, na watu wake wengi wanalala wilaya jirani ya Wakiso.

Sasa tazama wilaya zetu mbili. Karatu ilikuwa na watu 280,454, Ngorongoro 273,549. Kwenye jedwali ni mapacha. Lakini Ngorongoro ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000, na Karatu ina zaidi kidogo ya 3,000. Tena, tangu sensa ya 2012 Karatu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 22 hivi, na Ngorongoro kwa asilimia 57. Anayepanga madarasa, visima na zahanati kwa kutumia idadi ya mwaka mmoja peke yake atawahudumia mapacha hawa kama wanaofanana, na atakosea kwa wote wawili.

Nije kwenye kodi, ambako nataka nikae kidogo.

Ukiingia mitaa ya Karatu nyuma ya barabara kuu, utaiona nyumba ya kupanga ya kawaida: safu ya vyumba vya tofali za kuchoma, bati juu, mlango mmoja mmoja ukitazama ua, vumbi jekundu likipanda ukutani hadi usawa wa goti. Kuna mita moja ya LUKU ya wote, na ndoo zimepangwa kusubiri zamu ya maji. Hata ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi tangu 2021 na 1,500 tangu 2023, ni deni la mwenye nyumba, lakini anayeingiza tokeni ni mpangaji. Gharama ya kuishi katika chumba kile ni kubwa kuliko kodi iliyotajwa na dalali.

Wataalamu wengi wa makazi hutumia kanuni hii: kaya isitoe zaidi ya asilimia 30 ya mapato yake kwa ajili ya nyumba. Chukua kodi ya mwezi, gawanya kwa mapato ya mwezi, linganisha. Tatizo la Karatu limejificha ndani ya neno mwezi.

Mji huu unaishi kwa msafara wa magari yanayopanda kwenda lango la Lodoare, la kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro. Wapishi wa kambi, wahudumu wa hoteli, madereva, mafundi wa magari, wauza mboga wanaopeleka jikoni mwa hoteli, wote wanafuata kalenda ya mgeni. Juni hadi Oktoba ni msimu wa wageni wengi, na Krismasi inarudisha watu. Aprili na Mei, masika yakikolea, kambi nyingine hufungwa kabisa na vijana hurudishwa nyumbani kungoja kuitwa. Mwenye nyumba, kwa upande wake, anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka.

Tuseme mpishi wa kambi anapata 600,000 kwa mwezi, bakshishi zikiwemo, kwa miezi minane, na miezi minne hapati kitu. Kwa mwaka ni 4,800,000, yaani wastani wa 400,000 kwa mwezi. Tuseme chumba na sebule anachopanga ni 80,000. Jedwali litaandika asilimia 20, na yeyote atakayelisoma atasema Karatu ni mji nafuu.

Lakini mkataba wake wa chumba unaisha Aprili. Anadaiwa 480,000 siku ile ile ambayo hana hata senti inayoingia. Kama kikoba chake kimeshagawana, atakwenda kwa wakopeshaji wale wa kausha damu. Kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akikopa na kulipa baada ya miezi miwili, atarudisha 672,000. Kwa nusu mwaka ile, chumba cha 80,000 kimemgharimu 112,000 kila mwezi, asilimia 28 ya wastani wa mapato yake, na hapo sijagusa maji wala umeme. Jirani yake mwalimu, mwenye mshahara unaopita benki, angekopa kwa riba ndogo kwa mbali. Vyumba viwili vinavyotazamana, kodi moja, gharama mbili.

Nimetumia mfano wa kukisia ili hesabu ionekane, lakini yeyote aliyepanga Karatu anaijua Aprili hiyo. Kwa maoni yangu, jambo moja lingemsaidia mpangaji wa hapa kuliko punguzo lolote la kodi: kuruhusiwa kulipa mwezi kwa mwezi, au mkataba wake uanze na kuisha ndani ya msimu wa kazi.

Mapato nayo yana mtego wake. Ada ya gari moja la watalii wa kigeni kushuka kreta imekuwa dola 250, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Kwa dola moja kubadilishwa kwa shilingi 2,500 hiyo ni 625,000, zaidi ya kima cha chini cha mshahara wa serikali cha 500,000 kilichoanza Julai 2025. Fedha hiyo inapita katikati ya Karatu kwa mwendo wa gari bila kusimama. Wastani hautofautishi fedha inayopita na inayobaki. Mwenye hoteli mmoja akihesabiwa pamoja na wafanyakazi wake hamsini, wastani wa mapato ya wote hamsini na mmoja unaruka, na hakuna hata mfanyakazi mmoja aliyeongezewa shilingi. Kinachofaa kuulizwa ni mediani: wapange watu kutoka mwenye kidogo hadi mwenye kingi, kisha umuulize aliyesimama katikati. Na muulize zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, walikuwa 620,867. Mtu wa katikati wa Karatu wa miaka hiyo miwili hakuwa mtu yule yule.

Ukivuka lango la Lodoare, hata neno kodi linakwisha. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 ili wanyama, mifugo na watu waishi katika ardhi moja. Wakati huo wakazi walikuwa takriban 8,000; kufikia 2022 Serikali ilitaja zaidi ya 100,000. Katika boma la Kimaasai mwanamke ndiye hujenga nyumba, kwa fito, udongo na samadi, na nyumba ni yake. Hakuna dalali, hakuna mkataba. Wachumi, ili kumlinganisha mwenye nyumba na mpangaji, humkadiria mwenye nyumba kodi ambayo angelipa kama angepanga nyumba kama hiyo sokoni. Pale Nainokanoka au Endulen, ndani ya hifadhi, soko la kupangisha nyumba za boma halipo, na kulima kumezuiwa. Ukiweka sifuri kwenye safu ya kodi, umemfanya mkazi wa hifadhi kuwa mwenye makazi nafuu kuliko wote Tanzania, wakati gharama yake iko kwingine: gunia la mahindi analolinunua kwa kuuza mbuzi.

Juni 2022, miezi miwili kabla ya usiku wa sensa, kundi la kwanza la kaya liliondoka hifadhini kuelekea Msomera, Handeni. Kila kaya iliahidiwa nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja cha ekari mbili na nusu na shamba la ekari tano. Karani wa sensa huuliza juu ya kuta, paa, sakafu na vyumba vya kulala. Msomera angeandika tofali, bati, saruji, vitatu, na takwimu za makazi zingepanda. Lakini chukua mzee mmoja aliyehamia na wake zake: katika boma alikotoka, kila mke alikuwa na nyumba yake, na watoto wake walilala humo. Wake wanne, nyumba nne. Kwenye dodoso la Msomera, wote wameingia mlango mmoja.