Tamaa ya Mapenzi katika Sauti za Muziki

Watu wengi hudhani ya kuwa wimbo wa mapenzi ni wa mapenzi kwa maneno yake tu, na ya kwamba ukiyaondoa maneno hubaki sauti zisizo na hatia. Sisi hatuoni hivyo. Katika muziki wa Ulaya ziko kurasa zisizo na neno hata moja, nazo zasema habari ya tamaa waziwazi kuliko shairi. Yafaa tueleze jinsi iwezekanavyo.

Mwalimu aliyepata kufundisha kuimba kwa do, re, mi, na ajaribu jambo hili. Aimbishe darasa kupanda toka do hata ti, kisha anyamaze. Watoto watahangaika, na hatimaye mmoja ataitoa ile do ya juu bila kuambiwa. Sikio nalo hutamani. Mtunzi ajuaye kazi yake aweza kumpa msikilizaji do yake mara moja, au kumngojesha.

Mozart alitumia njia nyingine. Katika Don Giovanni, mchezo wa kuimbwa ulioonyeshwa kwanza Prague mwaka 1787, bwana mwasherati ambembeleza Zerlina, msichana wa shamba, siku ya arusi yake. Kwanza kila mmoja aimba kwa kirefu, kwa zamu. Kisha zamu zafupika, sauti zakaribiana, mpaka waimba pamoja kwa mwendo mpya wa kubembea. Asiyejua Kitaliano hata kidogo atajua kwamba msichana amekubali.

Lakini aliyelifikisha jambo hili mbali zaidi ni Richard Wagner katika Tristan und Isolde, alioumaliza mwaka 1859. Hadithi yake ni ya kale: Tristan yu chomboni akimleta Isolde kutoka Ireland awe mke wa mfalme Marke, nao wanywa dawa ya mapenzi. Kabla pazia halijafunguliwa, mazeze makubwa yapanda, yashuka kidogo, na hapo zasikika sauti nne zisizopatana. Zumari zapanda hatua ndogo ndogo na kukoma mahali pa kungoja. Kimya. Yarudiwa juu zaidi, na tena. Ile do haiji.

Waimbaji wa Vienna walifanya mazoezi zaidi ya 70, kazi ikawashinda. Ulionyeshwa kwanza Munich tarehe 10 Juni 1865, akiongoza Hans von Bülow, ambaye mkewe Cosima alikuwa amemzalia Wagner binti miezi miwili kabla, akaitwa Isolde. Wako wanaoueleza muziki wote kwa habari hiyo. Hoja ni dhaifu: wazinzi ni wengi, na Tristan ni mmoja.

Katika sehemu ya pili wapenzi wakutana usiku, na muziki wajaa kama maji ya bamvua. Palepale utakapo kutua, mjakazi apiga ukelele, mfalme aingia na watu wake, na sauti zakatika. Wengine wameuita muziki huu mchafu. Twaona si haki, kwa kuwa mchafu hutaka kumridhisha msikilizaji upesi, na huyu amemnyima kwa muda wa saa nne hivi. Mwishoni Isolde aimba juu ya maiti ya Tristan. Zile sauti nne zasikika mara ya mwisho, zapanda kama mwanzo, na safari hii zafika. Okestra yatulia katika B.