Mdudu Mwenye Miguu Mirefu Ukutani: Je, Ana Madhara?



Mama mmoja kutoka Butiama alifika hospitalini kwetu mtoto akiwa mgongoni na kiberiti mkononi. Mtoto alikuwa na homa ya siku tatu. Kabla sijamgusa, mama alifungua kiberiti akasema, "Sista, nimemkamata. Huyu ndiye anayemuumiza mwanangu." Ndani alikuwamo mdudu mkubwa mfano wa mbu, miguu yake mirefu imekatikakatika. Nikamjibu, "Mama, huyu hana kosa. Mwenye kosa umemwacha nyumbani." Tukamtoboa mtoto kidole, na kipimo kikaonyesha malaria.

Kilichonishtua zaidi ni maneno aliyosema akisubiri dawa: baba wa mtoto alikusudia kupulizia chumba kwa dawa ya pamba jioni ile. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa maana ndilo lililonifanya niandike mwezi huu.

Kwanza tumtazame mdudu wa kwenye kiberiti. Wengi humdhania kuwa mbu dume au baba wa mbu wote. Sivyo. Ni jamii nyingine, na mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi ya mtu. Hanyonyi damu hata tone. Akiwa mchanga huishi kama funza kwenye udongo wenye unyevu na majani yanayooza, na akishaota mabawa huishi siku chache tu. Huingia ndani kwa kufuata mwanga wa taa. Miguu yake hukatika ukimshika, ndiyo maana yule wa kwenye kiberiti alionekana kama ametoka vitani.

Mbu wa malaria, yaani anofelesi, ni mdogo. Mwili wake ni mfupi kuliko punje ya mchele. Ukitaka kumtambua, mtazame anavyotua ukutani: huinamisha kichwa na kuinua mkia, kama msumari uliopigwa upande. Mbu wa majitaka, wa vyoo na mitaro, hutua mwili ukiwa sambamba na ukuta. Ni jike tu anayeuma, na anofelesi hupenda usiku, wakati tumelala. Jambo hili si la jana. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akifanya kazi India, aliviona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Lakini mpaka leo tunamwogopa mkubwa na kumpuuza mdogo.

Wapo pia wadudu wa ziwani, ambao watu wa Musoma hawahitaji kuelezwa. Hupanda juu ya maji kama moshi, na upepo ukigeuka hujaa kwenye taa, kwenye uji na machoni. Nao hawaumi. Kando ya Ziwa Nyasa, huko Malawi, watu huwakusanya na kuwafanya mikate wakala. Hata hivyo siwezi kusema hawana neno kabisa: nchini Sudan, kandokando ya Mto Nile, jamii yao imeonekana kuwasababishia pumu watu wengine. Mwenye pumu afunge madirisha wanapopanda, na anayefagia mizoga yao anyunyize maji kwanza ili vumbi lisiruke.

Sasa buibui. Yule wa pembeni mwa dari, mwenye kiwiliwili kidogo na miguu minane mirefu kama nyuzi, ukimgusa hutikisa utando wake mpaka haonekani vizuri. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Chakula chake ni mbu, nzi na hata buibui wenzake. Tena, ng'ambo ya mpaka, pale Mbita kando ya ziwa hili hili upande wa Kenya, wataalamu walimchunguza buibui mdogo arukaye ambaye huchagua kula mbu waliokwisha kunyonya damu. Habari zake zilitangazwa mwaka 2005. Laiti ningekuwa na kikosi chake wodini!

Akina mama huniletea watoto wenye malengelenge na kusema, "Amekojolewa na buibui." Mara nyingi ni ugonjwa wa ngozi unaohitaji kuonwa na mganga. Mengine huletwa na mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, ambaye akipondwa juu ya ngozi utomvu wake huunguza. Huyo usimponde. Mpulize aondoke, kisha osha mahali pale kwa sabuni. Buibui wenye sumu kali wapo, lakini ni wachache na hukaa nje, chini ya mawe na magogo. Mtu akiumwa kisha akapata maumivu makali, jasho na kukakamaa misuli, aletwe hospitali.

Narudi kwenye dawa ya pamba. Nimewahi kupokea watoto wawili wa nyumba moja kutoka upande wa Bunda, waliolala katika chumba kilichopuliziwa dawa ya shambani ili kuua buibui. Walitoka mate na jasho, mboni za macho zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano, na kifua kilikoroma. Mmoja tulimpata. Mwingine alifika amechelewa.

Wengine husema, "Mbona serikali nayo ilipulizia?" Ni kweli, miaka ya 2010 nyumba nyingi za Butiama na Musoma Vijijini zilipuliziwa. Lakini ile ilikuwa dawa iliyochaguliwa kwa ajili ya kuta, ikapimwa, ikapuliziwa na watu waliofundishwa, vyombo vikiwa nje. Dawa ya pamba haikutengenezwa kwa ajili ya chumba cha mtoto. Na msiiweke kwenye chupa ya soda. Mtu akidhurika, mtoe nje penye hewa, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, wala usimlazimishe kutapika. Anayemwosha ajikinge mikono. Mleteni upesi pamoja na chupa yenye karatasi yake, ili tujue ni dawa gani.

Yule mama wa Butiama nilimpa simu yangu ampigie mumewe. Alimkuta ndiyo kwanza anachanganya. Nikauliza habari za chandarua. Alikuwa nacho, ila kilikuwa kinaanikiwa dagaa. Mtoto alimaliza vidonge vyake vya siku tatu, na wiki iliyofuata mama alirudi kuniambia kwamba chandarua kimefuliwa na kutundikwa, ingawa bado kinanuka dagaa kidogo.